Wazazi Wanaobeba Mzigo Peke Yao

Yako maradhi ambayo kila mtu ayajua. Mtoto akishikwa na malaria, hata jirani wa mbali ana la kusema: atataja dawa, ataonyesha njia ya zahanati, atasimulia jinsi mwanawe mwenyewe alivyopona mwaka jana. Mama wa mtoto huyo hata akilia, halii peke yake, kwa maana kilio chake kijiji kizima chakifahamu. Lakini yako maradhi mengine yasiyo na jina kijijini, na mara nyingi hata hospitali ya wilaya haijapata kuyaona. Mtoto hakui kama wenzake. Au viungo vyake vyalegea mwaka hata mwaka. Au ngozi yake yachubuka kwa kuguswa tu. Wala hapana awezaye kumwambia mzazi wake ni jambo gani lililompata.

Somo letu la juma hili lawahusu wazazi hao. Twaona kwamba taabu yao ni mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wa mtoto, na ya pili ni upweke wa mzazi. Ya kwanza mara nyingi haina dawa. Ya pili inayo, nayo imo mikononi mwetu sote.

MAANA YA UGONJWA ADIMU

Wataalamu huuita ugonjwa kuwa ni adimu pale unapowapata watu wachache. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kipimo ni mgonjwa asiyezidi 1 katika kila watu 2,000. Marekani hesabu yao ni ugonjwa wenye wagonjwa pungufu ya 200,000 katika taifa zima. Magonjwa ya namna hiyo yaliyokwisha kutambuliwa yapita 6,000. Sehemu kubwa, kama 7 katika kila 10, yatokana na kasoro katika chembe za urithi, na mengi ya hayo huanza kuonekana mtoto akali mdogo.

Hapa pana jambo la kutufanya tufikiri. Kila ugonjwa ukihesabiwa peke yake una watu wachache. Lakini yote yakijumlishwa, wagonjwa wakadiriwa kuwa kama 300,000,000 duniani. Hesabu hiyo yawapita watu wote wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wakiwekwa pamoja. Basi mama aliyejifungia nyumbani na mtoto wake, akidhani kwamba hapana mwingine duniani aliyepatwa kama yeye, amedanganywa na umbali tu. Ugonjwa ni adimu, lakini wazazi wa wagonjwa ni wengi sana. Wametawanyika, wala hawajuani.

MAMA WATATU NA UGONJWA MMOJA

Mfano tutakaoutoa watoka mbali, katika nchi za Norwe, Marekani na Uingereza. Twauchagua kwa kuwa habari zake zajulikana tangu mwanzo hata mwisho, tena waonyesha wazi jinsi upweke unavyodhuru na jinsi umoja unavyofaa. Ugonjwa wenyewe waitwa fenilketonuria. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Lakini mwili wake hauwezi kuvunja sehemu moja ya protini iliyomo katika maziwa, nyama, mayai na maharage. Sehemu hiyo hujikusanya katika damu na kuudhuru ubongo, hata mtoto akashindwa kujifunza, na pengine asiweze hata kusema. Katika Ulaya humpata mtoto 1 katika kila 10,000 hivi.

Mama wa kwanza ni Borgny Egeland wa Norwe. Alikuwa na watoto wawili, binti na mvulana, na akili zao wote wawili hazikukua. Alizunguka kwa madaktari wengi, akieleza jambo moja ambalo hawakulijali, yaani kwamba miili ya watoto wake ilitoa harufu isiyo ya kawaida. Hakukoma. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling wa Oslo alikubali kuupima mkojo wa watoto hao, akakuta ndani yake asidi ambayo haikupasa kuwamo. Kisha akapima wagonjwa 430 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za watu wenye upungufu wa akili, akawaona wengine 8 wenye asidi ile ile. Hivyo ugonjwa ukajulikana, kwa sababu mama mmoja alikataa kunyamaza. Na wale 8 walikuwa na wazazi wao, nao bila shaka walikuwa wameishi miaka mingi pasipo kujua kwamba wako wengine.

Mama wa pili ni Pearl Buck, mwandishi wa vitabu wa Marekani, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1938. Binti yake alizaliwa China mwaka 1920. Alipoona mtoto hakui akili, alimpeleka kwa madaktari wengi, na mwaka 1929 akamweka katika shule ya watoto wa namna hiyo huko Vineland, New Jersey. Dunia nzima ilimjua mwandishi huyu, lakini kwa miaka mingi haikujua habari za binti yake, maana mama alizificha. Ugonjwa wa binti huyo ulikuwa fenilketonuria. Jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kupatikana Oslo tangu mwaka 1934, lakini mama alikuja kulijua baadaye sana. Mwaka 1950 alivunja kimya, akachapisha kitabu kiitwacho The Child Who Never Grew, nacho kikawafikia wazazi wengi waliokuwa wakificha kama yeye alivyoficha.

Mama wa tatu alikuwa mwanamke wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1951, daktari Horst Bickel alipomweleza ugonjwa wa binti yake, mama huyo hakuridhika kupewa jina tu. Kila asubuhi alikuwa akimngoja daktari mlangoni pa maabara, akimwuliza amepata nini cha kumsaidia mtoto. Daktari na wenzake wakatengeneza chakula ambacho ile sehemu ya protini imepunguzwa. Mtoto, ambaye hakuweza kusimama, akaanza kutambaa na kusimama, wala hakuligonga tena kichwa lake kama alivyozoea. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1953, yakawa mwanzo wa matibabu ya ugonjwa huo duniani. Lakini ilionekana pia kwamba chakula hicho hufaa kabisa pale tu kinapoanzwa katika majuma ya kwanza ya maisha, kabla ubongo haujadhurika.

Tuwatazame akina mama hawa watatu. Walipatwa na msiba mmoja, kila mmoja katika nchi yake, wala hawakujuana. Mmoja alikuwa na habari ambayo mwenzake aliihitaji. Ujasiri wao twausifu. Lakini mzigo ambao wangeubeba watatu, kila mmoja aliubeba peke yake.

CHAMA CHA WAZAZI KILICHOZAA KIPIMO

Sasa tuone jinsi mambo yalivyobadilika wazazi walipokusanyika. Mwaka ule ule wa 1950, katika mji wa Minneapolis, Marekani, wazazi wa watoto wenye upungufu wa akili walianzisha chama cha taifa zima. Matawi yakaenea katika miji mingi. Katika tawi la mji wa Buffalo, jimbo la New York, alikuwamo mtaalamu wa vijidudu aitwaye Robert Guthrie. Hakuingia kwa sababu ya elimu yake, bali kwa kuwa alikuwa na mwana mwenye upungufu wa akili. Katika shughuli za chama hicho alikutana na daktari Robert Warner, aliyekuwa akiwatibu watoto wenye fenilketonuria, naye akamweleza jinsi ilivyokuwa vigumu kupima damu yao. Mwaka 1958 mtoto wa ndugu wa mkewe naye akagunduliwa kuwa na ugonjwa huo huo.

Guthrie akaanza kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amekamilisha kipimo chepesi: matone machache ya damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, yaliyodondoshwa juu ya karatasi maalumu na kukaushwa. Vyama vya wazazi vikadai kwamba kipimo hicho kiwekwe katika sheria, na mwaka 1963 jimbo la Massachusetts likatunga sheria hiyo. Tangu hapo watoto wengi wasiohesabika wameokolewa na upungufu wa akili, kwa kupimwa mapema na kupewa chakula kiwafaacho.

Twawaomba wasomaji wasipite hapa haraka. Watu hudhani kwamba mikutano ya wazazi wenye taabu ni mahali pa kuliwazana na kufutana machozi tu. Kuliwazana ni kwema. Lakini mkutano kama huo ulimkutanisha baba mwenye elimu na daktari mwenye swali, na katika kukutana kwao kukatoka kipimo ambacho kila mmoja akiwa nyumbani kwake kisingepatikana.

LAWAMA NDIYO HUFUNGA MLANGO

Kwa nini basi wazazi wengi wa kwetu hawajitokezi? Sababu kubwa ni lawama. Mtoto akizaliwa na ugonjwa usiojulikana, maneno huanza jikoni na kuishia kilabuni. Watu husema ni laana ya ukoo, au mama alikiuka mwiko, au amerogwa na mke mwenza. Mara nyingi lawama zote humwangukia mama. Mumewe husikiliza ndugu zake, kisha huondoka akatafute mke mwingine wa kumzalia watoto wazima. Mama naye, kwa haya, humficha mtoto chumba cha ndani, wala hamleti kliniki. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi hawa huficha kwa kuwa sisi tumewafundisha kuficha.

Yatupasa kujua ukweli wa mambo haya, kwa maana lawama hustawi penye ujinga. Katika ugonjwa kama fenilketonuria, ili mtoto augue, sharti apokee kasoro moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili huwa wazima kabisa, wala hawajui kwamba wanayo. Katika kila mimba, mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kupokea kasoro zote mbili. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo, amfukuza kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake mwenyewe.

Yako magonjwa mengine, kama ule wa Duchenne uitwao kwa jina la daktari wa Kifaransa, ambao hulegeza misuli ya watoto wa kiume. Mara nyingi kasoro yake hupitia kwa mama ambaye mwenyewe haugui. Na mara nyingine kasoro huzuka upya katika mtoto, ingawa baba hana wala mama hana. Katika njia hizo zote hapana aliyechagua, wala hapana aliyetenda kosa. Rangi ya macho na urefu wa mwili twavipokea pasipo kuulizwa, na maradhi haya huja vivyo hivyo.

JINSI UPWEKE UNAVYOKUA

Upweke hauji siku moja. Kwanza huja safari za hospitali. Mzazi hutumwa kutoka zahanati hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, kutoka mkoa hadi hospitali ya rufaa, na kila mahali husimulia upya. Hata Ulaya, penye maabara nyingi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mgonjwa wa ugonjwa adimu hungoja kwa wastani karibu miaka 5 hata alijue jina la ugonjwa wake. Mzazi wa kwetu, anayeuza mbuzi ili apate nauli, ana njia ndefu zaidi.

Kisha kazi hupungua. Katika uchunguzi wa Ulaya wa mwaka 2017, watu 7 katika kila 10 waliohojiwa, wagonjwa na watunzaji wao, walisema kwamba wamelazimika kupunguza kazi ya kuwapatia riziki au kuiacha kabisa. Mama wa shamba naye hali yake ni hiyo hiyo, ingawa hapana aliyemhesabu. Hawezi kwenda kupalilia mbali, maana mtoto hawezi kuachwa. Hawezi kwenda arusini, wala kilioni, wala kwenye mkutano wa kikoba. Wenzake mwanzoni humwita. Akikosa mara tatu, huacha kumwita. Wala hawana nia mbaya. Hudhani wamempumzisha, naye hudhani wamemsahau.

Mwisho huja kimya ndani ya nyumba. Baba huona haya kulia mbele ya mkewe, mama huogopa kumchosha mumewe kwa maneno yale yale. Ndugu wa mtoto mgonjwa nao huona kwamba macho yote yako kwa mwenzao, wala hawathubutu kusema kwamba wao pia wahitaji kutazamwa. Nyumba moja, watu watano, na kila mmoja yu peke yake.

WASINGOJE KUMPATA ALIYE SAWA NAO

Wazazi wengine hutuambia: tutajiunga na nani, ilhali ugonjwa wa mtoto wetu hapana mwingine aliye nao katika mkoa huu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limepatikana kwa kazi ya wazazi waliowatangulia. Ufaransa, mwaka 1958, Yolande de Kepper, mama aliyekuwa na watoto wenye ugonjwa wa misuli, alianzisha chama cha wazazi ambacho leo hugharimia utafiti mkubwa. Chama hicho kilikuwa cha magonjwa ya misuli. Lakini Marekani mwaka 1983, na Ulaya mwaka 1997, wazazi na wagonjwa wa magonjwa mbalimbali waliamua kuungana, ingawa ugonjwa wa huyu si wa yule. Waligundua kwamba magonjwa yatofautiana, lakini taabu zafanana: kutafuta jina la ugonjwa, gharama ya safari, lawama za ukoo, hofu juu ya mtoto atakayefuata, uchovu wa usiku, na swali la nani atamtunza mtoto mzazi akifa.

Umoja huo ulizaa matunda. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983, iliyopiganiwa na wazazi, iliwapa watengenezaji wa dawa sababu ya kushughulikia magonjwa ya watu wachache. Katika miaka 10 kabla ya sheria hiyo dawa za namna hiyo zilizotolewa na viwanda hazikufika 10. Baada yake zimepatikana mamia. Tarehe 29 Februari 2008, siku ambayo yenyewe ni adimu katika kalenda, iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Magonjwa Adimu, na tangu hapo huadhimishwa kila mwaka siku ya mwisho ya Februari. Desemba 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya watu wenye magonjwa hayo na jamaa zao, na Mei 2025 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukafuata kwa azimio lake. Kwetu Afrika ya Mashariki pia kazi imeanza. Kenya kuna chama kiitwacho Rare Disorders Kenya, na Tanzania kuna taasisi iitwayo Ali Kimara Rare Disease Foundation. Mzazi na aulize hospitalini habari za vyama kama hivi.

YATUPASAYO KUTENDA

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye nje huona mzigo huo mwepesi, maana haujamkaa kichwani. Kwa sababu hiyo mzazi mwenye taabu ahitaji kwanza mzazi mwenziwe, ambaye hahitaji kuelezwa. Lakini sisi wengine nasi tuna sehemu yetu.

Kwanza, twende kwao. Tusiende kuuliza chanzo cha ugonjwa, wala kutaja mganga tuliyemsikia, wala kusimulia habari za mtoto mwingine aliyekufa. Tuulize, Leo nikusaidie nini? Pengine jibu litakuwa ndoo mbili za maji.

Pili, tumwite mtoto kwa jina lake. Tumsalimu kabla ya kumsalimu mama yake, tumwalike pamoja na ndugu zake, na tuwakataze watoto wetu kumcheka. Mtoto akikaribishwa, mzazi wake amekaribishwa pia.

Tatu, tumpe mzazi saa za kupumzika. Jumuiya ndogo ndogo ya watu kumi na wawili inaweza kupanga zamu ya kukaa na mtoto alasiri moja kila juma. Kila mtu atashika zamu mara moja tu katika miezi mitatu, na mama atapata alasiri yake kila juma. Lakini sharti wajifunze kwanza kwa mama mwenyewe jinsi ya kumlisha mtoto na kumwinua.

Nne, tuwakutanishe. Muuguzi wa kliniki, katekista, mwalimu, mjumbe wa nyumba kumi: hawa huwajua wazazi wawili watatu wasiojuana. Wakiomba ruhusa ya kila mmoja, na waseme, Yuko mwenzako mtaa wa pili, je, wapenda kuonana naye? Neno hilo moja laweza kuondoa miaka ya upweke.

Nao wazazi wenyewe twawaomba mambo matatu. Wawe na daftari, waandike humo dalili, tarehe, dawa zilizotolewa na vipimo vilivyofanywa, kwa maana jambo dogo analoliona mama, kama harufu ile ya Norwe, laweza kuwa ndilo jibu. Baba asimwachie mama kliniki, bali waende pamoja, wasikie pamoja. Na wawe macho na wauzaji wa tiba wanaoahidi kuponya kila kitu, maana penye mzazi aliyekata tamaa mwuza uongo hafiki mbali na mlango.

Hatusemi kwamba umoja utaponya kila mtoto. Wengine hawatapona, na wengine watakufa wakiwa wadogo, na mzazi atalia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mzazi anayezika mtoto ambaye hapana jirani aliyemjua, na yule anayemzika mtoto ambaye mtaa mzima ulimwita kwa jina.

Basi juma hili kila nyumba na ijiulize: je, karibu yetu yuko mtoto ambaye twasikia habari zake lakini hatumwoni? Yuko mama aliyeacha kuja, nasi tukaacha kuuliza? Tukimkumbuka mmoja, tusingoje Jumapili. Twende kesho.